Mkazo wa vitenzi vya Kihispania unakugomea? Anzia kwenye silabi

Kama Kiswahili ndo lugha uliyokua nayo na sasa unajifunza Kihispania, ujue kuna kitu masikio yako yanafanya bila kukuuliza, yanapeleka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, karibu kila neno. SOma, soMEni, NYUmba, nyuMBAni, ukiongeza kitu mwishoni mkazo nao unasogea. Kihispania kinakubaliana na tabia hiyo kwa maneno mengi tu, hablo, comes, viven, tenemos, yote yanaenda hivohivo, na ndo maana wiki za mwanzo mtu anajiona yuko vizuri kabisa. Vurugu inaanza ukifika kwenye wakati uliopita na wakati ujao, na amri zenye vijineno vimegandishwa nyuma yake.

Watu wengi wakifika hapo wanakimbilia kukariri sheria za tilde (kile kimstari juu ya irabu). Mimi nasema tatizo kubwa liko hatua moja nyuma, hujakata silabi sawasawa, na ukikata vibaya hata ukiijua sheria utahesabu vibaya. Kwahiyo kwa kila dalili hapa chini swali la kwanza ni lilelile, hili neno lina silabi ngapi? Mkazo nimeuandika kwa herufi kubwa, ha-BLÓ maana yake sauti inapanda kwenye "bló".

Sheria yenyewe ni fupi. Neno likiishia na irabu, au n, au s, mkazo uko silabi ya pili kutoka mwisho na tilde haiwekwi. Likiishia na konsonanti nyingine yoyote mkazo uko silabi ya mwisho, tilde pia haiwekwi. Neno lolote linalovunja utaratibu huo linavaa tilde pale mkazo ulipo. Ukienda silabi ya tatu au ya nne kutoka mwisho tilde ni lazima.

DALILI: Unasimulia ya jana, msikilizaji anaelewa ya sasa, tena anadhani unajisema wewe

Chukua mwongoza watalii pale Arusha anataka kuwaambia wageni kwamba dereva alifika a las ocho, yaani saa mbili asubuhi. Anasema LLE-go a las ocho. Mgeni anasikia "nafika saa mbili", mimi, sasa hivi au kila siku. Alichotakiwa kusema ni lle-GÓ. Silabi ni mbili zilezile, herufi zilezile, mkazo tu ndo umebadilisha nani na lini.

Chanzo ni kwamba kwenye wakati uliopita wa vitenzi vya kawaida, mimi na yeye wanabeba mkazo mwishoni kabisa. Ha-BLÉ nilisema, ha-BLÓ alisema. PA-go nalipa, pa-GÓ alilipa. es-PE-ro nasubiri, es-pe-RÓ alisubiri. Wengine wote wako kwenye silabi yetu tuliyoizoea, ha-BLAS-te, ha-BLA-mos, ha-BLA-ron. Kwahiyo huna haja ya kuogopa jedwali zima, ni watu wawili tu.

Sema tahadhari, mtu akishajua hili anaanza kupeleka mkazo mwishoni kila mahali, unasikia "tuvó", "dijó", "hizó". Hapana. Vile vitenzi vinavyobadilisha mzizi, tuve, tuvo, hice, hizo, dije, dijo, puse, puso, vine, vino, estuve, estuvo, vinakaa silabi ya pili kutoka mwisho na havina tilde hata kimoja. Hapo sikio la Kiswahili liko sahihi kuliko mwanafunzi aliyekariri, liache lifanye kazi yake. Na fui, fue, di, dio, vi, vio ni silabi moja moja, hakuna cha kuchagua, na tilde haiwekwi. Ukikutana na fué au dió kwenye kitabu cha zamani, ni tahajia ya kabla ya 1959.

DALILI: Unasema HA-blar, CO-mer, ES-ta

Hiki ni kitenzi katika umbo lake la kawaida, na kinaishia na r, kwahiyo mkazo uko mwisho, ha-BLAR, co-MER, vi-VIR. Sikio letu halipendi neno liishie na konsonanti, ndo maana tuna hoteli, benki, tunaweka irabu ili tupumue. Sasa hapa kuna njia nzuri sana. Tamka kwanza kama neno lililoingia Kiswahili, "hablari", mkazo utaenda wenyewe kwenye BLA, alafu imeze ile i ya mwisho. Inabaki ha-BLAR. Na hii sio kubahatisha, Kilatini kilikuwa na cantare, mkazo kwenye ta, e ya mwisho ikadondoka ikabaki cantar na mkazo haukuhama. Ila njia hii usiitumie kwenye n na s, maana hablas ukiifanya "hablasi" itakupeleka pabaya, ni HA-blas na HA-blan.

Estar nayo inastahili uangalizi kwasababu unaitumia kila dakika. Es-TOY, es-TÁS, es-TÁ, es-TA-mos, es-TÁN. Ukisema ES-ta umesema "huyu" au "hii" ya kike. Estoy haina tilde kwasababu y ya mwisho inahesabiwa kama konsonanti kwenye uandishi.

Wakati ujao una ugonjwa huohuo. Ha-bla-RÉ, ha-bla-RÁS, ha-bla-RÁ, ha-bla-RÁN, mwisho kabisa. Isipokuwa sisi, ha-bla-RE-mos, ambayo inakuja yenyewe. Ukiteremsha mkazo wa hablará ukasema ha-BLA-ra, umetoka kwenye "atasema" umeingia kwenye "angesema, aseme" ile ya masharti na matakwa, na mtu wa Madrid au Bogotá atabaki anasubiri umalizie sentensi.

DALILI: Comió na comía zikitoka mdomoni mwako zinafanana

Hapa ndo penye mzigo wenyewe, twende taratibu.

Kwetu kila irabu ni silabi yake. Kaa ni ka-a, kuua ni ku-u-a, chai ni cha-i. Kwahiyo ukiona comió unakata co-mi-o, silabi tatu, mkazo unatua kwenye mi, unasema co-MI-o, na hiyo ni karibu kabisa na co-MÍ-a. Moja ni "alikula", nyingine ni "alikuwa anakula". Vivilevile salió na salía, vivió na vivía. Msikilizaji anabaki na silabi ya mwisho tu, o au a, ndo imuokoe.

Kihispania kinagawa irabu makundi mawili. a, e, o ni nzito, i na u ni nyepesi. Nzito mbili zikikutana kila moja inashika silabi yake, le-ER, CRE-o, CA-e, cre-E-mos, na hapa tunapita bila shida. Nyepesi ikikaa na nzito bila tilde juu ya ile nyepesi, zinaungana kuwa silabi moja, hiyo inaitwa diftongo. Nyepesi ikivaa tilde, zinaachana, hiyo ni hiato. Kwahiyo co-MIÓ ni mbili, tilde iko juu ya o ambayo ni nzito haivunji kitu, na co-MÍ-a ni tatu maana tilde iko juu ya i.

Jinsi ya kuunganisha mdomoni? Usitafute mbali, Kiswahili kina w na y. Hatusemi ku-a-nza kwa "kwanza", tunasema kwa-nza. Hatusemi vi-a-kula, ni vyakula. Basi andika Kihispania kwa macho ya Kiswahili, comió iwe "komyó", vivió iwe "bibyó", puedo iwe "pwedo", quiere iwe "kyere", duermen iwe "dwermen". Ukishaweka w na y silabi zinapungua zenyewe, PUE-do ni mbili kama pwani, na mkazo unatua panapotakiwa. Hii mbinu moja inatibu malalamiko mengi ya mkazo.

Irabu nyepesi ikija nyuma, kama ai, oi, ei, fanya vilevile kwa kuikimbiza. Bailo sio ba-I-lo, ni BAI-lo. Oigo sio o-I-go, ni OI-go. Traigo, caigo, hivohivo. Na kwa wanaojifunza Kihispania cha Hispania yenyewe, habláis ni ha-BLÁIS silabi mbili, estudiáis ni es-tu-DIÁIS silabi tatu, irabu tatu zimebanana pamoja.

Jambo dogo lakini linaharibu hesabu, ile u kwenye gue, gui, que, qui ni bubu, usiihesabu. Lle-GUÉ ni mbili, bus-QUÉ ni mbili, SI-gue ni mbili. Ikitakiwa isikike inawekewa vinukta viwili, a-ve-ri-GÜÉ.

DALILI: Umeshajua diftongo, lakini envío na cambio bado zinakuchanganya

Una haki ya kuchanganyikiwa. Enviar na cambiar zinaishia sawa, en-VIAR, cam-BIAR. Ukisema "mimi" zinaachana njia. En-VÍ-o, silabi tatu, mkazo kwenye i. CAM-bio, silabi mbili, i haina nguvu yoyote. En-VÍ-as, en-VÍ-a, en-VÍ-an, lakini CAM-bias, CAM-bia, CAM-bian. Kwa "sisi" zinarudi kukutana, en-VIA-mos, cam-BIA-mos. Na envío (natuma) usiichanganye na en-VIÓ (alituma), hapo umebadilisha mpaka idadi ya silabi.

Ukiliangalia umbo la asili, enviar peke yake, hakuna alama yoyote ya kukuambia iko kundi gani. Ni kujua kitenzi kimoja kimoja. Kundi la envío lina confiar, guiar, fotografiar, criar, enfriar, vaciar, variar, ampliar, esquiar, espiar, desafiar. Kundi la cambio ni kubwa zaidi, estudiar, limpiar, anunciar, copiar, iniciar, negociar, odiar, apreciar, pronunciar. Anayefanya kazi na watalii aanze na guiar na fotografiar, GUÍ-o naongoza, fo-to-gra-FÍ-o napiga picha, maana hizo atazisema kila siku.

Kinachosaidia ni kuangalia nomino ya kitenzi hicho. El envío, el desafío, la guía, la fotografía, zote i ina mkazo, kitenzi nacho kinafuata. El cambio, el estudio, el anuncio, el inicio, el odio, la copia, zote zimeungana, kitenzi nacho. Haifanyi kazi kila mahali, AM-plio ni sifa, pana, ila am-PLÍ-o ni "napanua", na VA-rio na va-RÍ-o vilevile. Ukikwama kabisa fungua kamusi ya Real Academia Española (taasisi inayosimamia lugha ya Kihispania) mtandaoni, kwenye kitenzi wanakuandikia kinanyambuliwa kama kipi, enviar au anunciar, unamaliza mjadala hapohapo.

Kwa -uar mambo ni mepesi. Karibu zote ni ú, ac-TÚ-o, con-ti-NÚ-o, e-va-LÚ-o. Zinazoishia -guar ndo hazivunji, a-ve-RI-guo. Za -cuar kama evacuar zinakubali namna zote mbili.

DALILI: "Sisi" inakuangusha kwenye hablábamos na hubiéramos

Unasema ha-bla-BA-mos. Ni sikio letu tena, silabi imeongezeka mwishoni, mkazo umesogea kama soma ilivyosogea kwenda someni. Kihispania hapa kinagoma, kinataka mkazo ubaki palepale ulipokuwa kwa wengine wote. Ha-BLA-ba, ha-BLA-bas, ha-BLÁ-ba-mos. Co-MÍ-a, co-MÍ-a-mos. Ha-bla-RÍ-a, ha-bla-RÍ-a-mos. Hu-BIE-ra, hu-BIÉ-ra-mos. FUE-ra, FUÉ-ra-mos.

Inafurahisha kwamba Kilatini kilikuwa upande wetu, cantabamus mkazo ulikuwa kwenye ba. Kihispania kikaja kuuvuta nyuma ili ulingane na cantaba, cantabas, cantaban. Kwahiyo usijilaumu, ila uhame.

Njia ya kujirekebisha, usianze na "sisi". Sema "yeye" kwanza kwa sauti, hubiera, shika pale sauti ilipopanda, alafu bandika -mos bila kugusa kitu. Fomu zinazofuata utaratibu huu ni -bamos, -íamos, na -ramos au -semos za masharti. Za sasa, za uliopita wa kawaida na za ujao, hablamos, comimos, hablaremos, hazihusiki, ziko kwetu. Angalia tu usidanganywe na miramos au entramos, zina -ramos machoni lakini ni za sasa, mi-RA-mos, en-TRA-mos.

DALILI: Di-ME-lo, dan-DO-me, com-pra-ME-lo

Ugonjwa uleule wa someni, nipe, nipeni. Kwa Kihispania vijineno me, te, se, lo, la, le, nos vikigandishwa nyuma ya kitenzi vinakuwa abiria tu, havigusi usukani. COM-pra, CÓM-pra-me, CÓM-pra-me-lo, sauti iko com mpaka mwisho. DAN-do, DÁN-do-me. De-CIR, de-CIR-lo, de-CÍR-se-lo. SIEN-ta, SIÉN-ta-te.

Tilde sasa inakuja au haiji kutokana na hesabu ya neno zima, usiangalie kitenzi kilikuwaje peke yake. Di haina, dime haina (DI-me, pili kutoka mwisho, inaishia na irabu, kila kitu shwari), dímelo inayo maana mkazo umeachwa silabi ya tatu. Kinyume chake dé, "atoe", ina tilde ya kuitofautisha na de, lakini ukiongeza me inakuwa deme bila tilde. Ukiona déme ni uandishi wa zamani.

Na kama rafiki yako wa Kihispania ni wa Argentina au Uruguay, usishangae anasema mi-RA-me na ameandika bila tilde. Huko kwa "wewe" wanatumia vos badala ya tú, amri yake ni mi-RÁ, mkazo mwisho, ukigandisha me inakuwa mirame, pili kutoka mwisho. Mtu wa Mexico anasema MÍ-ra-me. Wote wawili wako sahihi, ila wewe chagua njia moja uishike, maana hablás, tenés, podés, vení zina mkazo wake tofauti kabisa na hablas, tienes, puedes, ven.

DALILI: Tilde inatokea na kupotea ndani ya kitenzi kimoja

Reunir haina, reúno inayo, reunimos haina. Kata silabi utaona, reu-NIR, re-Ú-no, reu-NI-mos. Mkazo ukiangukia u, inabidi iachane na e, na tilde inatangaza talaka hiyo. Aislar vilevile, a-ÍS-lo, ais-LA-mos. Prohibir ina h katikati lakini h haizuii kitu, prohi-BIR, pro-HÍ-bo. Kwa leer, caer, oír i inasimama peke yake, le-Í, le-ÍS-te, le-Í-do, ca-Í-do, o-Í-mos.

Alafu mtu anaandika "construído" kwa kufuata leído, na anakosea. i na u zikikutana zote ni nyepesi, kwenye uandishi zinahesabiwa silabi moja daima, hata kama wewe unazisikia mbili. Cons-TRUI-do, cons-TRUI-mos, hazina tilde. Construí inayo kwasababu tu mkazo uko mwisho na neno linaishia na irabu.

Kwa msingi huohuo guie, crie, rio na hui (niliongoza, nilifuga au nililea, alicheka, nilikimbia) zinaandikwa bila tilde, zinahesabiwa silabi moja. Ortografía ya 2010, kitabu cha sheria za uandishi cha Real Academia, ndo iliyofunga mlango, kabla ya hapo guié na rió zilikuwa zinaruhusiwa kwa anayezitamka mbili, ndo maana bado utaziona zimejaa kila mahali.

DALILI: Mkazo uko sawa ila mgawanyo wa konsonanti unasahihishwa

Kwa Kiswahili tunakata ki-ta-nda, ngo-mbe, ile n au m inaenda na konsonanti inayofuata. Kwa Kihispania inabaki nyuma, can-TAN-do, TEN-go, com-PREN-do, ven-DER. Mkazo hauharibiki, lakini kwenye mtihani utakatwa alama. Jozi zenye l au r nyuma, bl, br, pl, pr, cl, cr, gl, gr, fl, fr, tr, dr, hazitenganishwi, ha-BLAR, a-BRIR, en-TRAR, es-cri-BIR. Ch, ll na rr ni sauti moja kila moja, lle-GAR, co-RRER. Ikiwa kuna ns kabla ya konsonanti nyingine zinabaki nyuma zote mbili, ins-cri-BIR.

Na kama unakata neno mwishoni mwa mstari kwenye karatasi, kuna sharti la ziada, irabu mbili zilizoshikana usizitenganishe kwa kistari hata kama ni silabi mbili. Leíamos kwa sauti ni le-Í-a-mos, kwa mstari ni leía-mos tu.